Coqui Visiwani Hawaii: Chura Aliyeingia na Mimea ya Mapambo

Mabibi na mabwana, visiwa vya Hawaii havikuwa na chura hata mmoja wa asili, kwa kuwa vimezungukwa na maelfu ya kilomita za maji ya chumvi, ambayo ngozi ya chura na mayai yake haviyastahimili. Chura ninayemzungumzia leo, aitwaye coqui, alifika mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka Puerto Rico, akiwa amejificha katika mimea ya mapambo iliyoletwa kuuzwa.

Tumezoea kuamini kwamba pasipo na dimbwi, chura hazaliani. Coqui hutaga kwenye jani lililojikunja au mahali popote penye unyevu, dume huyalinda mayai yasikauke, na baada ya wiki mbili hadi tatu hivi hutoka vyura wadogo wenye miguu yote minne, bila kuwa viluwiluwi kwanza. Kwa hiyo chungu kimoja cha maua chatosha kuanzisha ukoo. Katika kisiwa kikubwa cha Hawaii kuna sehemu zilizokadiriwa kuwa na zaidi ya vyura 50,000 kwa hekta.

Wakazi hulalamikia kelele, na wana haki, maana dume wa sentimita tatu hivi akiita usiku, sauti yake yaweza kufikia desibeli 90 kwa aliye umbali wa nusu mita. Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni udongo. Coqui hula wadudu kwa wingi, na kinyesi na mizoga yao hurutubisha ardhi. Lakini ohia, mti wa asili wa misitu hiyo, umezoea ardhi ya volkano yenye rutuba haba, na majaribio yalionyesha kwamba aliyenufaika ni mpera wa kigeni, ambao tayari unaisonga misitu hiyo, ilhali ohia haukuongeza ukuaji.

Kunyunyizia asidi ya sitriki kuliwamaliza vyura wa Lawai, kisiwani Kauai, kwa sababu eneo lao lilikuwa dogo. Katika kisiwa kikubwa wameenea mno, na hakuna dawa itakayoufikia kila mti. Kinga iliyobaki ni kwenye vitalu: mimea ioshwe kwa maji ya moto ya nyuzi 45 za Selsiasi kwa dakika chache, mayai na vyura wafe, kabla haijapakiwa kwenda kisiwa kingine.