Nambari ya TSC Si Kazi: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Ualimu kuhusu Usajili

Hamjambo nyote. Nashukuru kuona ukumbi umejaa, na nashukuru zaidi kuona walio mwaka wa pili na wa tatu wamekuja, kwa sababu mengi nitakayosema yana faida kwa mtu ambaye bado ana muda wa kurekebisha mambo. Aliye mwaka wa nne atapata la kufanya pia, ila atakimbia kidogo.

Tuanze na jina. Magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea kuiita TSC "Tume ya Kuajiri Walimu". Jina hilo limekaa vinywani mwetu hadi mtu akipata nambari ya TSC jamaa zake wanachinja kuku, wakidhani mtoto amepata kazi. Hajapata. Someni Ibara ya 237 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Jukumu la kwanza la Tume lililotajwa pale ni kuwasajili walimu waliohitimu. La pili ni kuwaajiri walimu waliosajiliwa. Ni majukumu mawili, na la pili haliwezi kukugusa kabla la kwanza halijakamilika. Usajili ni Tume kusema: tumekagua karatasi za mtu huyu, tumeridhika kwamba ni mwalimu. Kuajiriwa ni kisa kingine kabisa, chenye matangazo yake, mahojiano yake na foleni yake ndefu.

Na msidhani usajili unamhusu tu anayetaka mshahara wa serikali. Sheria ya TSC ya mwaka 2012, kifungu cha 23, inamkataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa. Shule ya kibinafsi imo humo. Mwalimu anayelipwa na bodi ya shule, huyu tunayemwita mwalimu wa BOM, naye yumo. Mkuu wa shule akikuambia "anza tu, nambari utaleta baadaye", anajiweka pabaya yeye na wewe.

Sasa, nani anasajiliwa? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapoumia bila dawa.

Kwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada, Tume haianzi na shahada. Inaanza na KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Inataka wastani wa C+ na pia C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili utakayofundisha. Yote mawili kwa pamoja. Mtu anaweza kuwa na wastani wa B, akasomea ualimu wa Hisabati na Jiografia, akamaliza na daraja la kwanza, halafu ikaonekana kwamba Jiografia ya KCSE alipata C. Wastani wake mzuri haumwokoi. Chuo kilimpokea kwa sababu chuo kina vigezo vyake vya kudahili, na vigezo vya kudahili si lazima vilingane na vya kusajili. Tofauti hiyo ndiyo shimo lenyewe. Kwa hiyo leo jioni, kabla hujafungua kitabu kingine, toa cheti chako cha KCSE ukiweke kando ya masomo yako mawili ya chuo. Angalia gredi. Ukiona pengo na uko mwaka wa kwanza au wa pili, nenda kwa mkuu wa idara ubadilishe somo mapema.

Kuna na lile la kupanda ngazi. Mtu ana D+, anafanya cheti, anaingia stashahada, anaingia shahada. Kwa taaluma nyingine njia hiyo ni halali na ya kusifiwa. Kwa usajili wa ualimu wa sekondari, gredi ya KCSE inaendelea kumfuata mtu hata baada ya shahada. Ukitaka njia hiyo, uliza ofisi ya TSC ya kaunti kwa maandishi kabla ya kulipa karo, usimwulize wakala wa chuo anayetafuta wanafunzi.

Masomo mawili nayo yawe masomo yanayofundishwa shuleni. Fizikia na Hisabati, Kemia na Biolojia, Kiswahili na Historia, Jiografia na CRE, yaani elimu ya dini ya Kikristo, hayo hayana mjadala. Anayechukua Kiingereza huchukua na Fasihi ya Kiingereza, maana sekondari vinafundishwa kama somo moja. Aliyesoma shahada isiyo ya ualimu, tuseme BA au BSc, bado ana njia: ahakikishe shahada yake ina masomo mawili ya kufundishia, kisha aongeze stashahada ya uzamili ya ualimu, PGDE. Lakini PGDE haigeuzi shahada ya somo moja kuwa ya masomo mawili. Inafundisha namna ya kufundisha, haimfundishi mtu Kemia ambayo hakuisoma. Wengi wanaigundua hii baada ya kulipa mwaka mzima.

Wa msingi nitawapitia haraka. Cheti cha P1 kilichozoeleka kimepisha stashahada, DPTE, iliyoanza 2021, na kigezo cha KCSE ni wastani wa C. Mitihani yao inasimamiwa na KNEC, baraza la mitihani la taifa, kwa hiyo vyeti vyao vinatoka KNEC, si chuoni.

Tuje kwenye karatasi. Utahitaji kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), vyeti vya KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) na KCSE, cheti cha shahada au stashahada pamoja na nakala za matokeo ya miaka yote, cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), fomu ya daktari iitwayo GP 69, na picha ya pasipoti ya rangi. Hakuna cheti cha HELB hapo, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, wala cha CRB, wale wanaotunza rekodi za madeni. Hizo huulizwa na waajiri, na mtu anaweza kupoteza wiki mbili akitafuta karatasi ambayo hakuna aliyeiomba.

Cheti cha tabia njema ndicho kinachochelewesha wengi, basi tukitazame kwa karibu. Unaomba kupitia eCitizen, lango la huduma za serikali mtandaoni, unalipa shilingi 1,050, unachagua mahali na siku ya kupigwa alama za vidole. Mfumo unakupa fomu C24 ya kuchapisha. Fomu hiyo ina kurasa mbili, na lazima zitoke pande mbili za karatasi moja. Saiba nyingi, vile vibanda vya intaneti, zitakuchapishia karatasi mbili, kwa haraka au kwa kutafuta shilingi kumi za ziada, nawe utafika dirishani urudishwe. Simama pale, mwambie karani: mbele na nyuma. Chapisha na risiti. Beba kitambulisho halisi. Ukiwa umefanya kazi ya mjengo au ya shamba na ncha za vidole zimesugulika, zipumzishe siku chache, uzipake mafuta usiku, kisha asubuhi ya kwenda unawe mikono vizuri na kuikausha. Alama zisizosomeka hurudiwa, na kurudia ni safari nyingine.

Fomu GP 69 unaipakua kwenye tovuti ya TSC. Kuna sehemu yako na sehemu ya daktari. Jaza yako nyumbani. Daktari ajaze yake mwenyewe, aweke sahihi, muhuri na nambari yake ya usajili. Fomu iliyojazwa kote kwa mwandiko mmoja inajishtaki yenyewe.

Kabla ya kufika kwenye kompyuta, kuna jambo la majina. Ukiniuliza ni nini kinachokwamisha maombi kuliko kingine chochote, nitakujibu majina. Anayekagua hakujui wewe. Anaona vipande vitano au sita vya karatasi, na kazi yake ni kujua kama vyote ni vya mtu mmoja. Tuchukue mtu wa kubuni. Cheti cha KCSE kinasema WAFULA PETER SIMIYU. Kitambulisho kinasema PETER SIMIYU WAFULA. Hapo mpangilio tu umebadilika, majina ni yale yale matatu, kwa kawaida hakuna tatizo. Sasa shahada inasema PETER WAFULA. Jina moja limedondoka. Hapo utaombwa hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Sasa tuseme kitambulisho kinasema PETER SIMIYU BARASA. Hilo ni jina jipya. Kiapo hakitoshi, unahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, ile inayotangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Dada zetu walioolewa na kuchukua jina la mume waambatishe cheti cha ndoa.

Kosa la herufi moja, SIMIYU likawa SIMYU, linarekebishwa pale lilipotokea. Kosa la KNEC liende KNEC, la chuo liende kwa msajili wa chuo. Na hapa nawasihi walio mwaka wa nne: orodha ya mahafali ikibandikwa, usitazame tu kama jina lako limo. Lisome herufi kwa herufi ukiwa na kitambulisho mkononi. Kusahihisha orodha ni dakika tano. Kusahihisha shahada iliyochapishwa ni miezi.

Waliopoteza vyeti vya KNEC, kuna mfumo wa QMIS ambamo unaomba uthibitisho wa matokeo. Andaa ripoti ya polisi ya kupotelewa, maana utaulizwa. Na ambaye cheti chake bado kiko shule ya sekondari kwa sababu ya deni la karo, akifuate sasa. Mambo ya namna hiyo huenda polepole.

Haya, kompyuta. Lango ni teachersonline.tsc.go.ke. Unachagua usajili mpya, unajaza taarifa zako, unapakia vyeti, unalipa. Kuhusu taarifa, fuata kitambulisho hata kama unakiona kimekosea, kwa sababu mfumo utalinganisha nacho. Kama kimekosea, rekebisha kitambulisho kwanza. Masomo yako mawili yachague kwa uangalifu, maana hayo ndiyo yatakayosomeka utakapoomba kazi.

Skani kila cheti kutoka kwa nakala halisi, si kutoka kwa fotokopi, wala usipige picha kwa simu ukiwa umeegemeza cheti gotini. Kivuli cha mkono juu ya nambari ya mtihani kinatosha kukurudisha nyuma. Kila hati iwe faili moja ya PDF. Nakala za matokeo za miaka minne ziunganishwe ziwe faili moja, kwa mpangilio, mwaka wa kwanza juu. Zipe faili majina yanayoeleweka, kisha uzifungue zote kabla ya kupakia. Kupakia KCPE mahali pa KCSE ni kosa la kawaida kuliko mnavyodhani.

Ada ya usajili ni elfu moja na ushei. Inalipwa kupitia eCitizen, na nambari ya malipo ya eCitizen ni 222222. Nambari ya simu ya mtu binafsi haina nafasi yoyote katika shughuli hii. Anayekuambia "nitumie elfu tano nambari itoke wiki hii" anakuuzia kitu ambacho hana. Fungueni akaunti kwa barua pepe yenu na simu yenu, si ya mwenye saiba. Siku nenosiri litakaposahaulika, ujumbe utamwendea aliyeandikishwa.

Baada ya kutuma, utafuatilia hali ya ombi pale pale kwa nambari ya kitambulisho. Likirudishwa, soma sababu iliyoandikwa na urekebishe hiyo hiyo. Watu wengi hukasirika na kutuma ombi la pili wakati la kwanza bado liko wazi. Sasa una maombi mawili yanayogombana, na umejiundia tatizo ambalo halikuwapo.

Waliosomea nje ya nchi wapitishe shahada zao kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, zitambuliwe kwanza. Wageni waongeze kibali cha kufanya kazi.

Swali lililoletwa hapa mbele kwa kikaratasi: je, naweza kuomba kwa barua ya kumaliza masomo, kabla ya mahafali? Tume inataka cheti chenyewe. Ila mnaweza kuutumia muda huo. KRA, KCSE, majina, hayo yote yamalizeni kabla. Cheti cha tabia njema na fomu ya daktari viacheni hadi mahafali yakaribie, visije vikachakaa tarehe mkingali mnasubiri joho.

Kikaratasi cha pili: nambari ikitoka, inaweza kuondolewa? Ndiyo. Kifungu cha 30 cha Sheria kinaruhusu jina kufutwa kwenye rejista, na majina ya waliofutwa hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi. Makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi ndiyo yanayoongoza watu huko, na aliyefutwa harudi kufundisha kwa kuhamia shule ya kibinafsi. Rejista ni moja kwa wote.

Cha tatu: nambari ninayo, nafanya nini nayo? Kwanza iandike mahali pawili. Kisha fuatilia matangazo ya nafasi kwenye tovuti ya TSC, maana huwa na siku ya mwisho ya karibu, na fomu inauliza nambari hiyo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.