Nani Anabaki na Mtoto?

Mazungumzo na wazazi wa chekechea, Kimara, Dar es Salaam, kikao cha kufunga mwaka

Mwalimu mkuu, walimu, baba zangu na mama zangu, shikamooni mnaostahili, na rika langu habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze tulivyouvuka mwaka huu nyumbani, mimi na mwenzangu, tukiwa na mmoja hapa chekechea na mwingine wa mgongoni. Mimi si mtaalamu, ni karani wa duka la jumla Kariakoo. Ila nikiupitia mwaka mwezi kwa mwezi, kila tulipotulia na kila tulipohangaika naona chanzo ni kimoja: nani amebaki na mtoto. Ada inasumbua, homa inasumbua, sikatai. Lakini ada ikikosekana na wa kukaa na mtoto yupo, mtahangaika mchana na usiku mtalala. Akikosekana huyo, hata hela iwepo hamlali.

Mdogo alizaliwa mwanzoni mwa Oktoba mwaka jana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, na baba angalau siku 3. Siku 3! Hapo baba bado anapokea simu za hongera. Sasa, siku 84 ni wiki 12, na kliniki wanakwambia maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Hiyo miezi mitatu ya katikati mtajuana wenyewe.

Januari tukaingia hivyo. Dada wa kazi alikuwa ameenda kwao kula sikukuu, tumempa nauli ya kwenda na ya kurudi, na nyie mnajua. Ikaja meseji mama anaumwa, halafu simu haipatikani. Msicheke, wengine ni zamu yenu mwezi ujao.

Akashuka bibi kutoka Lushoto. Siku ya kwanza tu: “Joto lote hili la Dar, mtoto mnamnyima hata maji?” Nikamwambia maziwa yana maji yake ya kutosha. Akanitazama kama mama mkwe anavyojua kutazama. Ubishi haukumalizwa na mimi, ulimalizwa na nesi siku ya chanjo ya wiki 14. Alimpima mtoto, akaona uzito umepanda vizuri, akamgeukia bibi: “Hongera, bibi, unalea.” Toka siku hiyo ni yeye aliyekuwa akiwafukuza majirani na vikombe vyao vya maji.

Kazini nako kuna jambo wengi hawalijui. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akanyonyeshe. Lakini Kariakoo mpaka Kimara na kurudi, saa mbili zote zinaishia barabarani. Nikaomba nizichukue mwishoni, nitoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Bosi alikuwa hajawahi kuisikia hiyo. Nikampelekea kifungu, akakisoma akiwa amesimama, akasema “haya”. Basi kila alfajiri nakaa kwenye kigoda jikoni nakamua, kikombe kimechemshwa, kina mfuniko, kinaingia kwenye friji. Umeme ukikatika, maziwa yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne, na kwa joto la Februari hapa mjini msingoje hata hizo. Bibi alimnywesha kwa kikombe, hakutaka chupa, maana chupa ina kona nyingi za kujificha uchafu.

Machi bibi akaondoka. Mvua zinaanza, ana mahindi ya kupanda. Tunawaita bibi zetu mjini kana kwamba huko waliko hawana kazi.

Halafu Aprili. Mliokuwa mjini mnakumbuka mvua inavyokuwa: Jangwani pakijaa, Barabara ya Morogoro inafungwa, na wa Kariakoo anabaki Kariakoo. Watoto walikuwa kwa jirani yetu anayepika chapati. Nampigia kila baada ya dakika kumi, mwisho akaniambia, “Mdogo nimemnywesha uji amelala. Mkubwa anamalizia chapati ya tano. Usikimbie, utaanguka.” Nilifika usiku, viatu mkononi. Ndugu zangu, jirani wa namna hiyo hapatikani siku ya mafuriko. Anapatikana kwa sukari mliyoazimana miezi sita nyuma.

Juni tukapata dada mwingine, mtu mzima. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, lakini mimi nasema hata wa 16 ni mtoto anayeleeshwa mtoto. Julai mdogo akaharisha, ndiyo umri wa kutambaa na kuokota. Zahanati wakatoa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki. Angalieni hapa: aliyepokea maelekezo ni baba, anayetoa dawa mchana ni dada. Siku ya tatu kuharisha kumekoma, vidonge vimerudi kabatini, wakati zinki inatakiwa imalizwe, siku 10 hadi 14, hata mtoto akiwa ameshachangamka. Kwa hiyo chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 tulimpeleka kliniki dada mwenyewe. Akauliza maswali ambayo mimi nisingeyauliza, maana yeye ndiye anayeuona mchana wote.

Tetekuwanga ya Agosti nairuka. Ilianzia kwetu au kwenu, tusiulizane.

Na Desemba hii? Dada anasafiri leo jioni, kabla mabasi hayajajaa na nauli hazijapaa, atarudi kabla ya Krismasi. Likizo zetu za mwaka, zile siku 28, tumezigawa: wiki hizi anabaki mwenzangu, Januari nachukua mimi.

Ombi langu kwako, mwalimu mkuu. Barua ya kikao cha kwanza cha mwakani iandikwe “wazazi na walezi”, na kikao kiwe Jumamosi, ili hawa dada na bibi nao waingie wakae kwenye viti, wasisimame getini kushika mikoba yetu. Naona mkono pale nyuma. Karibu, baba, uliza.