Jani la Mwisho la Ufunuo

Walimu wangu, wanafunzi, na wageni wote mliofika jioni hii, asanteni sana. Kabla sijaanza, naomba mwenye Biblia ya Kiswahili, ile ya Union, afungue Ufunuo 22 na atusomee aya ya 19. Dada wa safu ya pili, tafadhali, kwa sauti.

(Akasoma mpaka mahali panapoandikwa, “Mungu atamwondolea sehemu yake katika ule mti wa uzima.”)

Asante, tuishie hapo. Mti wa uzima. Sasa mkichukua Biblia ya Kiingereza ya King James, ile ya mwaka 1611, aya hiyo hiyo haina mti. Mungu atamwondolea mtu sehemu yake katika kitabu cha uzima. Kwetu mti, kwao kitabu. Niliiona tofauti hii mara ya kwanza nikiwa kijana, nikadhani mfasiri wetu aliteleza. Nilimdhania vibaya. Wafasiri wetu walikuwa sahihi, na chanzo cha ile tofauti ni jani moja la ngozi ambalo lilikuwa limeshapotea zaidi ya miaka 500 iliyopita. Ndilo nililokuja kuwasimulia.

Jani hilo lilichomoka kwenye mswada wa Kigiriki, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono, ambao leo umehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Augsburg, Ujerumani. Wataalamu wanauita 2814. Kwenye vitabu vya zamani mtaukuta kwa alama 1r. Uliandikwa karne ya 12. Ndani yake mna Ufunuo wa Yohana pamoja na ufafanuzi wa Andrea, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia. Ufafanuzi huo ulisaidia sana kitabu cha Ufunuo kiendelee kunakiliwa miongoni mwa Wagiriki. Katika ibada za Kiorthodoksi Ufunuo hausomwi kanisani kama zinavyosomwa Injili na Nyaraka, kwa hiyo wanakili hawakuwa na sababu kubwa ya kuuandika tena na tena. Miswada ya Kigiriki ya Injili inahesabika kwa maelfu. Ya Ufunuo ni kama 300 tu, na mingi kati yake imebeba maelezo ya Andrea pembeni au katikati ya maneno ya Yohana.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye ngozi yenyewe, maana bila ngozi kisa hiki hakieleweki. Ngozi ya mnyama ililowekwa kwenye maji ya chokaa, manyoya yakatolewa, kisha ikawambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, ikakwanguliwa kwa kisu kilichopinda kama mwezi mwandamo mpaka ikawa nyembamba. Hata baada ya kazi yote hiyo, pande mbili za ngozi hazifanani. Upande wa manyoya una umanjano na vitundu vidogo vya vinyweleo. Upande wa nyama ni mweupe na laini. Waandishi wa Kigiriki walikuwa na utaratibu mzuri sana: walipanga majani ili manyoya yatazamane na manyoya, na nyama itazamane na nyama. Ukifungua kitabu, kulia na kushoto rangi ni moja. Vipande vinne vya ngozi vilikunjwa pamoja, vikatoa majani manane, yaani kurasa 16. Fungu hilo likashonwa na fungu jingine, na jingine, mpaka kitabu kikatimia.

Katika kitabu cha namna hiyo, jani linalopata taabu kuliko yote ni la mwisho. Ndilo linalosuguliwa na jalada, ndilo linalopigwa na unyevu, na uzi ukilegea ndilo linaloondoka. Waliowahi kushika miswada yetu ya zamani kutoka Lamu na Pate wanalijua jambo hili: mwanzo haupo, mwisho haupo, kati pako salama.

Basi mswada 2814 ulipoteza jani lake la mwisho. Maneno yanakatika katikati ya aya ya 16 ya sura ya 22. Aya ya 17 haimo, wala ya 18, wala ya 19 aliyotusomea dada yetu. Na msisahau kwamba aya ya 18 na ya 19 ndizo zinazomwonya mtu asiongeze neno wala asiondoe neno katika kitabu hiki.

Sasa twende Basel, Uswisi. Mwaka 1515 msomi wa Kiholanzi, Erasmus wa Rotterdam, alikuwa kwenye matbaa ya Johann Froben akitayarisha Agano Jipya la Kigiriki. Huko Alcalá, Hispania, wasomi wa Kardinali Cisneros walikuwa wamekwisha kulichapa la kwao mwaka 1514, ila lilikuwa bado halijatolewa kwa watu. Erasmus na Froben walifanya kazi kwa haraka. Kwa Injili na Nyaraka walipata miswada kadhaa hapo hapo Basel. Kwa Ufunuo, Erasmus alikuwa na mswada mmoja tu, aliokopeshwa na msomi wa Kijerumani, Johannes Reuchlin. Ndio huu wa Augsburg. Aliupenda. Aliona ni wa kale kiasi kwamba ungeweza kudhaniwa uliandikwa zama za mitume, kumbe ulikuwa na umri wa kama miaka 300 hadi 400.

Mtu aliyepewa kazi ya kuunakili kwa ajili ya wapiga chapa alikuwa na shida yake, kwa sababu maneno ya Yohana na maelezo ya Andrea yamefuatana, na si rahisi kuyatenganisha. Lakini shida kubwa ilikuwa mwisho. Jani halipo, mswada wa pili haupo, na matbaa inasubiri.

Erasmus akachukua Biblia ya Kilatini, akazitafsiri aya za mwisho kutoka Kilatini kwenda Kigiriki yeye mwenyewe. Kigiriki alikijua sana, na bado alama za mkono wake zinaonekana. Katika aya ya 16, nyota ya asubuhi, miswada ya Kigiriki ina neno *proinos*. Yeye akaandika *orthrinos*. Katika aya ya 17, Roho na Bibi-arusi wanaposema “Njoo,” miswada ina *erchou*. Yeye akaandika *elthe*. Maana ni ile ile, maneno siyo. Ni kama kulichukua shairi la Kiswahili lililofasiriwa kwa Kijerumani, ukalirudisha kwenye Kiswahili bila kuliona la asili. Utalipata wazo, hutapata maneno ya mshairi.

Kwenye aya ya 19, hata wazo halikupona. Kwa Kilatini, mti hapo ni *ligno*, na kitabu ni *libro*. Tazameni ubaoni: herufi tano na tano, tofauti ni mbili za katikati. Mwandishi wa Kilatini aliyechoka, ambaye tayari amekutana na kitabu cha uzima katika sura ya 3 na ya 20, na ambaye ndani ya aya hii hii anaona kitabu kikitajwa mara mbili, mkono wake uliandika *libro* bila kusita. Kosa hilo likaenea katika Biblia za Kilatini. Kwa Kigiriki, mti ni *xylon* na kitabu ni *biblos*, maneno ambayo ni vigumu sana kuyachanganya, na miswada ya Kigiriki ina mti. Erasmus hakuwa na mswada huo mbele yake. Aliona *libro*, akaandika *biblou*, na Machi 1516 kitabu kikatoka.

Je, alificha? Hapana. Katika maelezo yake alisema kwamba mwishoni mwa Ufunuo kuna maneno yaliyokosekana katika nakala za Kigiriki, akayaongeza kutoka Kilatini. Mimi nampenda Erasmus, lakini hapo natamani angesema wazi zaidi. Alisema “nakala,” kana kwamba ni nyingi, na msomaji hakuambiwa kwamba ni mswada mmoja uliochomoka jani. Baadaye chapa ya Hispania ilipomfikia, alirekebisha Ufunuo mahali kama 90 katika toleo lake la 1527. Kitabu cha uzima akakiacha. Wachapaji waliofuata wakakirithi, na wafasiri wa King James wakakipokea kutoka kwao.

Mswada wenyewe ukapotea machoni pa wasomi mpaka mwaka 1861, msomi wa Kijerumani, Franz Delitzsch, alipoukuta katika maktaba ya watawala wa Oettingen-Wallerstein huko Bavaria. Maktaba hiyo ilinunuliwa na serikali ya Bavaria mwaka 1980 ikapelekwa Augsburg.

Mtaniuliza: mti au kitabu, kuna hasara gani? Rudini nyuma aya tano tu, aya ya 14. Heri wazifuao nguo zao, wapate ruhusa ya kuuendea mti wa uzima na kuingia mjini kwa milango yake. Mti na mji vinakwenda pamoja. Aya ya 19 inavitaja tena vyote viwili, mti na mji mtakatifu, kwa mpangilio ule ule. Na mti huo ndio ule wa Mwanzo sura ya 3, uliolindwa kwa upanga wa moto ili Adamu asiufikie. Yohana anaufungua mlango uliofungwa Edeni. Ukiweka kitabu mahali pa mti, uzi huo unakatika, na msomaji wa King James hana njia ya kujua kwamba ulifika mpaka aya ya 19. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kusikia jina la Erasmus, aliusoma uzi huo mzima kwa Kiswahili maisha yake yote.

Dada yangu, naomba usimame tena. Tusomee kuanzia aya ya 16, pale ngozi ya Augsburg inapokatika, mpaka mwisho.