Zeus: kifungua mimba au kitinda mimba?

Ule mchoro wa ukoo wa miungu wa Wagiriki wa kale mliogawiwa mlangoni, naomba tuuweke kando kwanza. Umeshonwa kwa vipande vya washairi wasioafikiana, kisha mishono ikafichwa.

Chukueni Zeus, mfalme wa miungu hao. Kwa mshairi Hesiodos, Rhea, mke wa Kronos, alizaa kwa mfuatano huu: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon, na Zeus akawa kitinda mimba. Kronos, aliyeonywa kwamba mwanawe atampindua, aliwameza watano wa mwanzo kila walipozaliwa. Wa sita akafichwa kisiwani Krete, baba akakabidhiwa jiwe lililoviringishwa nguo za kitoto, akalimeza nalo. Alipokuja kutapika, kilichomezwa mwisho ndicho kilichotangulia kutoka: jiwe. Likawekwa Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki, na mwandishi msafiri Pausanias, aliyezuru huko karne ya 2 BK, anasema lilimiminiwa mafuta kila siku.

Sasa njooni kwenye Iliadi, utenzi wa Homeros. Humo Zeus ndiye kaka mkubwa! Poseidon anafoka kwamba wao ni ndugu watatu wenye heshima sawa, waliopiga kura: yeye akapata bahari, Hades giza la wafu, Zeus mbingu, na ardhi pamoja na Olympus, mlima wa miungu, vikabaki vya wote. Amefoka weee, lakini anakumbushwa kwamba mkubwa ana haki yake, naye anatii. Mkimfanya Zeus kitinda mimba hapo, hoja nzima inaanguka.

Najua kuna mtu ameshanyanyua mkono: "Si walizaliwa upya walipotapikwa, mdogo akawa mkubwa?" Wazo hilo ni la kale kweli, ila halimo kwa Homeros. Limo katika utenzi wa kumsifu Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, ambako Hestia ni wa kwanza kuzaliwa na pia wa mwisho. Homeros hasimulii habari ya kumeza watoto wala jiwe. Msimsaidie marehemu ambaye hakuomba msaada.

Muda unanikimbia. Aphrodite: kwa Homeros ni binti wa Zeus na mungu wa kike Dione, kwa Hesiodos ametoka kwenye povu la bahari, pale zilipotupwa sehemu za siri za Uranos, baba yake Kronos, kwa hiyo ni wa kizazi cha Kronos, shangazi yake Zeus. Hephaistos, mungu mhunzi: ama wa Zeus na Hera, ama wa Hera peke yake. Mkichora, kila mstari uandikieni jina la aliyesema. Mistari miwili ikigongana, iacheni yote miwili.

Na wale miungu wakuu kumi na wawili wa Olympus? Kwenye nakshi za mashariki za Parthenon, hekalu la Athens, Dionysos, mungu wa divai, ameketi, Hestia hayupo. Kile kisa cha Hestia kumpisha Dionysos kitini kwa hiari, mnachokipenda sana, hakimo katika maandishi yoyote ya kale tuliyo nayo. Olympia nako, mahali patakatifu pa Zeus, kulikuwa na madhabahu sita, kila moja ya miungu wawili, na waliohesabiwa humo ni pamoja na Kronos, Rhea na mto Alpheios. Naam, mto. Haya, maswali.