Eti Ameshazoea: mtoto anaponyamaza wodini

DEO: Dada Mwanaidi, leo nataka tuanze na neno moja tu, "ameshazoea". Yani mtoto anapelekwa kwa bibi, au boding, au analazwa hospitali, siku ya kwanza analia mpaka sauti inakauka, siku ya tatu kimya, watu wazima wanaangaliana wanasema afadhali, ameshazoea.

MWANAIDI: Hilo neno nimeambiwa sana mimi. Nilipelekwa boding darasa la kwanza, nina miaka sita, na mpaka leo shangazi akisimulia anasema huyu hakusumbua kabisa, wiki moja tu akazoea. Ila mi nakumbuka nilikuwa nalala na kanga ya mama chini ya mto, siku matron akaifua, harufu ya mama ikaisha, hapo ndo nikaacha kulia. Sikuzoea Deo. Nilikata tamaa.

DEO: Umelitaja neno lenyewe aisee. Kuna mtu anaitwa James Robertson, Mskoti, wakati wa vita kuu ya pili alikuwa anawasha boila kwenye kituo cha Anna Freud pale Hampstead, London, kituo cha kulea watoto waliotenganishwa na wazazi kwa sababu ya vita. Anna, binti yake Sigmund Freud, yule daktari aliyeanzisha saikoanalisisi, yani tiba ya kuongea inayochimba yaliyofichika moyoni mwa mtu, alikuwa na sharti kwamba kila mfanyakazi, hata wa boila, aandike kwenye kadi anachokiona kwa watoto, mtoto kafanya nini, kasema nini, basi Robertson akajifunzia hapo kuangalia. Mwaka 1948 John Bowlby, daktari wa akili aliyekuwa anachunguza watoto wanaotenganishwa na mama zao, akamchukua Tavistock, kliniki ya afya ya akili hapo hapo London, akamtuma wodi za watoto.

MWANAIDI: Na hospitali za Uingereza enzi hizo mzazi haruhusiwi kukaa.

DEO: Haruhusiwi, nyingine ni Jumapili tu masaa mawili, nyingine mwezi wa kwanza unaruhusiwa kumchungulia tu akiwa kalala. Na manesi walikuwa na hoja yao, kwamba mzazi akija mtoto anaanza upya kulia, asipokuja mtoto katulia, kwahiyo mzazi ndo tatizo.

MWANAIDI: Mh.

DEO: Robertson akaona kitu kingine kabisa. Kwanza mtoto anapinga, analia, anatikisa kitanda, anaangalia mlango. Afu anakata tamaa, anakuwa mnyonge, hachezi. Afu anajitenga, na hii ya tatu ndo inadanganya watu kwasababu anacheka, anakula, anamfuata nesi yeyote, ila mama akija anamwangalia kama jirani. Wodi nzima ikaita hiyo kupona.

MWANAIDI: Ndo kuzoea kwetu huko.

DEO: Wakubwa hawakumwamini, ikabidi atafute kamera, mwaka 1952 akatoa filamu ya mtoto mmoja, Laura, miaka miwili na nusu hivi, kalazwa siku nane kwa operesheni ndogo ya ngiri ya kitovu. Alimrekodi kwa saa zilizopangwa kila siku, asije akaambiwa kachagua vipande vya kulia tu. Na Laura sio mtoto wa kulia ovyo, anajibana, unamwona anafuta machozi huku anauliza mama yuko wapi. Siku ya kuondoka anakusanya vitu vyake, mama ananyoosha mkono, mtoto anakataa kuushika.

MWANAIDI: Hapo kwenye mkono ndo nilishindwa kuangalia, nikazima. Kwasababu mi naujua ule mkono, likizo ya kwanza nilimwamkia mama shikamoo kama namwamkia mwalimu. Na watu wa saikoanalisisi wanasema mtoto mdogo hawezi kubeba kumpenda mama na kumkasirikia kwa wakati mmoja, kwahiyo ile hasira anaifukia, au anajigeuzia yeye, nimefukuzwa kwasababu mimi ni mbaya. Unakuwa mtu mzima mtu akichelewa tu kujibu meseji wewe umeshaanza kumuacha moyoni kabla hajakuacha. Nimeishi hivyo miaka mingi, kuna watu wazuri nimewapoteza.

DEO: Pole sana dada. Na ujue hata hao wataalamu wao kwa wao walibishana. Bowlby akiwa anajifunza kutibu watoto chini ya Melanie Klein, mkongwe wa saikoanalisisi ya watoto, mwaka 1938, alikuwa na mtoto mdogo ambaye mama yake ana wasiwasi mkubwa sana, Klein akamkataza kuongea na huyo mama, cha muhimu ni yaliyomo kichwani mwa mtoto. Miezi mitatu mbele mama kalazwa hospitali ya akili. Bowlby hakulisahau.

MWANAIDI: Mi niko na Bowlby hapo, kilichotokea kimetokea kweli. Ila Klein nae simtupi, maana watoto wawili wanaachwa geti moja, kila mmoja anajitungia sababu yake.

DEO: Na asije mtu akasema haya ni ya Wazungu tu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alifanya kazi na hao hao kina Bowlby London, afu 1954 akaja Uganda, akatembelea familia 26 vijijini Buganda, akaona watoto wanatambaa kwenda mbali huku wanageuka kumwangalia mama, mama akitoka wanalia. Ni mtoto tu, popote.

MWANAIDI: Uingereza walikuja kupendekeza milango ya wodi ifunguliwe kwa wazazi mwaka 1959. Sisi Tanzania 2023 wizara ikazuia boding kuanzia awali mpaka darasa la nne, labda kwa kibali maalumu. Niliposoma ule waraka nililia, nikampigia mama, nikamuuliza kitu sikuwahi kumuuliza, siku ile ulivyoondoka ulienda wapi.

DEO: Akasemaje?

MWANAIDI: Alikaa kimya muda mrefu. Afu akaniambia alishuka kituo cha kwanza tu, akarudi kwa miguu mpaka getini, mlinzi akamwambia mama nenda, atazoea.