Nani Anahesabiwa Tunapohesabu Nukuu

Karibuni, kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili alinionyesha kwenye simu orodha ya wanasayansi vinara wa ikolojia na mageuko, wamepangwa kama timu za ligi. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe uko nafasi ya ngapi?" Nikacheka. Nikamwambia tujue kwanza mabao yanahesabiwaje.

Orodha nyingi za namna hii huegemea fahirisi ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Hesabu yake nyepesi. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa sana, yaani iliyotajwa mara nyingi kwenye makala za wengine. Tuseme zimenukuliwa mara 40, 30, 8, 4 na 1. Makala nne zimefikisha nukuu nne au zaidi, basi h yako ni 4. Aliyeandika makala moja tu maishani, hata ikinukuliwa mara 20,000, h yake ni 1. Tena h haishuki: ukistaafu ukalala, yenyewe inaweza kuendelea kupanda. Wazee tunapendelewa hapo, nakiri.

Mwaka 1987 Naruya Saitou na Masatoshi Nei walitoa njia ya kuchora miti ya nasaba za viumbe. Miaka miwili kabla yao, Joseph Felsenstein alikuwa ameonyesha jinsi ya kupima kama matawi ya mti wa namna hiyo yanaaminika. Makala zote mbili zimenukuliwa makumi ya maelfu ya mara, kwa sababu wengi wanaochora mti, uwe wa samaki wa Ziwa Victoria au wa virusi, huzitaja. Ni kama sufuria: hakuna pilau isiyopita humo. Sina ugomvi na mfua sufuria, bila yeye tungekula mbichi. Ila ukimtafuta mpishi kwa kuhesabu sufuria, utampata mfuaji.

Kuna na suala la muda. Mwanabiolojia W. D. Hamilton alichapisha mwaka 1964 makala mbili zilizoeleza kwa nini kiumbe hujitolea kwa ajili ya ndugu zake. Kwa miaka kama kumi hazikunukuliwa sana. Leo hakuna kozi ya mageuko inayozikwepa. Kamati ya kupandisha vyeo ya mwaka 1967, kama ingetumia fahirisi zetu, ingemwambia arudi akajitahidi.

Lakini linaloniuma mimi liko hapa kwetu. Mwaka 2000 Norman Myers, Mwingereza aliyeishi Kenya miaka mingi, pamoja na wenzake wanne, walichapisha makala kuhusu maeneo 25 duniani yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingine na yaliyo hatarini. Walisema asilimia 44 ya spishi za mimea yenye mishipa ya kupitisha maji hazipatikani popote ila kwenye maeneo hayo, ambayo ni asilimia 1.4 tu ya nchi kavu. Safu za Milima ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya zimo. Ni miongoni mwa makala zinazonukuliwa mno katika uhifadhi, na inastahili.

Sasa jiulizeni, nani alijua mmea fulani hauoti popote ila Usambara? Mtu aliyepanda mlima, akaukata, akaukausha ndani ya magazeti, akaupeleka hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa. Mwingine akaulinganisha na mingine mia. Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, juzuu zinazoeleza mimea ya kwetu mmoja mmoja, ilianza kutoka mwaka 1952, ikakamilika mwaka 2012: miaka 60, spishi zaidi ya 12,000. Ua la Saintpaulia la huko Usambara, linalopamba madirisha ya Ulaya, lilipewa jina na mtaalamu wa mimea Wendland mwaka 1893, na jina la Wendland kwa kifupi bado huandikwa baada ya jina la kisayansi la ua. Kompyuta inayohesabu nukuu hailioni, maana halimo kwenye marejeo. Vivyo hivyo kiongozi wa kijijini anayejua mti kwa kunusa gome lake: yeye huishia kwenye shukrani, ukurasa ambao hakuna anayeuhesabu.

Mwanafunzi wangu bado anasubiri nafasi yangu. Sijaitafuta. Ila nyinyi mnaokabidhi tasnifu mwezi ujao, nikikuta majina 200 ya mimea kwenye jedwali na sioni juzuu hata moja ya Flora kwenye marejeo, nitawarudishia.