Mteremko Ndio Unaochagua Njia: Kuvuta Karavani kutoka München hadi Ziwa Garda

SALMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Salma, na niko na kaka Baraka. Leo tunavuka milima ya Alpi na karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, tukiivuta nyuma ya gari. Tunatoka München, tunapita Austria, tunashukia Italia hadi Ziwa Garda. Wasikilizaji wetu wengi walioko Ujerumani kusini safari hii wanaifikiria kila kiangazi, na swali ni lilelile: tupite wapi?

BARAKA: Na simu ina jibu tayari, ndiyo tatizo lenyewe. Ukiandika München hadi Innsbruck, ramani inaweza kukupeleka Garmisch, halafu Seefeld, halafu ikushushe Zirl. Ukilinganisha na kuzunguka Kufstein, njia hiyo ni fupi zaidi. Simu inaona gari dogo. Haijui kwamba nyuma yako kuna kilo 1,500 zinazokusukuma.

SALMA: Wasioijua Zirler Berg, waambie.

BARAKA: Ni barabara inayoshuka kutoka Seefeld hadi bonde la mto Inn, na mteremko wake unafika asilimia 16. Pembeni kuna njia za dharura zinazopanda juu, zilizojengwa kwa ajili ya magari ambayo breki zimegoma. Dada Salma, barabara ikijengewa njia za kuokolea magari, imeshajieleza. Hapo usipite na karavani. Unapotoka München shika barabara kuu ya A8, kisha A93 hadi Kufstein, halafu A12 kufuata bonde hadi Innsbruck. Ni ndefu, lakini ni tambarare.

SALMA: Njia kuu mbili za kuvuka milima kutoka hapo ni Brenner na Reschen, na watu wengi huchagua kwa kuangalia urefu wa kilele cha barabara. Utasikia, "Brenner ni mita 1,370 na Reschen ni mita 1,507, basi Brenner ni rahisi." Jibu linaweza kuwa sahihi kwa bahati, ila hesabu yenyewe siyo. Kilele hakichomi breki. Breki zinachomwa na ukali wa mteremko, na urefu wake kabla hujapata mahali pa kupumzisha gari.

BARAKA: Tuseme gari lina kilo 1,700 na karavani kilo 1,500. Jumla 3,200. Kutoka Brenner hadi mji wa Sterzing upande wa Italia unashuka kama mita 420 ndani ya kilomita 15 hivi. Nishati inayotoka kwenye uzito huo kushuka mita hizo ni kama megajuli 13. Inatosha kuchemsha karibu lita 40 za maji ya bomba.

SALMA: Ndoo mbili kubwa za maji yanayotokota.

BARAKA: Na joto hilo lazima liende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo unaokinzana na gari, sehemu na matairi, sehemu na injini ukiwa kwenye gia ndogo. Linalobaki linaingia kwenye breki. Ukishuka gia ya juu huku mguu umelala kwenye breki, karibu lote linaingia humo.

SALMA: Hapa tufafanue breki ya karavani yenyewe, maana haifanani na ya lori. Lori lina breki za upepo, dereva akikanyaga, tela linashika. Karavani nyingi za Ulaya zina breki ya kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma kwa mbele, kile chuma cha kuvutia kinaingia ndani kidogo, kinavuta fito na waya, na viatu vya breki vinabana kwenye dramu za magurudumu ya karavani. Umeme hauhusiki, na mguu wako hauifikii moja kwa moja.

BARAKA: Kwa hiyo ukishuka kilomita kumi umegusa breki kidogo tu, kidogo tu, karavani imekuegemea muda wote na dramu zake zinasuguana muda wote. Dereva anajiona mpole, kumbe anazipika. Namna sahihi ni kupunguza mwendo kabla mteremko haujaanza na kuingiza gia ndogo mapema, ya tatu au ya pili kulingana na gari. Mwendo ukipanda, kanyaga kwa uthabiti, shusha kilomita kama 15 kwa saa, halafu achia kabisa. Acha dramu zipate hewa. Injini ikilia kwa mizunguko 3,500 au 4,000 kwa dakika, iache ilie, haidhuriki.

SALMA: Madereva wa Kitonga kule Iringa wanaijua sheria hii bila darasa: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Na wenye gari la otomatiki, msiliachie lijichagulie. Wekeni gia kwa mkono, la sivyo litapanda gia katikati ya mteremko na kukuacha na breki peke yake.

BARAKA: Usisahau mafuta ya breki. Yananyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinakubali hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, pedali inazama, gari haliitikii. Badilisha kila miaka miwili. Kwa anayevuta mzigo milimani, mimi siongezi hata miezi sita juu ya hapo.

SALMA: Haya, njia zenyewe. Mimi nasimama na Brenner.

BARAKA: Na mimi nina neno la kuitetea Reschen, lakini tangulia.

SALMA: Kutoka Innsbruck, mita 574, A13 inapanda hadi Brenner kwa kilomita 35 hivi. Gawanya: wastani ni zaidi kidogo ya asilimia 2. Ila wastani unadanganya, maana kuna vipande vya asilimia 5 na 6. Hata hivyo ni otobani, barabara pana ya mwendo kasi. Hakuna kona za kujikunja, malori yanapita usiku na mchana, na maegesho yapo. A12 inadai stika ya kulipia barabara za Austria, na karavani haihitaji yake ikiwa gari linaloivuta ni la hadi tani 3.5. A13 ina tozo yake ya pekee. Ukivuka mpaka, A22 ya Italia unalipia kwa kadiri ya umbali.

BARAKA: Na ubaya wake?

SALMA: Foleni. Daraja la Lueg, karibu na mpaka upande wa Austria, linajengwa upya, na tangu mwanzo wa 2025 siku nyingi magari yanapita njia moja tu kila upande. Siku za msongamano hufunguliwa mbili, hivyo angalia kalenda ya shirika la barabara za Austria kabla ya kupanga tarehe. Jumamosi za Julai na Agosti ziepuke, na likizo ya Pentekoste ya Bavaria pia. Chagua Jumanne au Jumatano, uwe umeshapita Innsbruck kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

BARAKA: Jumapili je? Malori yamezuiwa Austria tangu Jumamosi saa tisa alasiri hadi Jumapili saa nne usiku.

SALMA: Ni kweli, malori hakuna, lakini magari madogo yanajaza pengo lote. Na msidhani mtatoka kwenye otobani mkapenya vijijini. Wikiendi za kiangazi jimbo la Tirol huzuia magari ya safari ndefu kutoka barabara kuu ili kukwepa foleni, na polisi wanakurudisha.

BARAKA: Foleni mlimani ina madhara kwa klachi pia. Gari la gia za mkono linalosogea mita mbili, likasimama, likasogea, huku limebeba tani tatu kwenye asilimia 6, klachi inanuka ndani ya dakika kumi. Otomatiki za klachi mbili nazo zinateseka hivyohivyo, kwa sababu kutambaa polepole ni kusugua klachi. Kwa hiyo usimfuate wa mbele mita kwa mita. Simama na breki, subiri nafasi ya mita 20 au 30 ifunguke, uondoke mara moja, uachie klachi yote. Wa nyuma akipiga honi, mwache apige.

SALMA: Sasa Reschen yako.

BARAKA: Reschen ni ya mtu asiye na haraka. Kutoka Garmisch unakwenda Ehrwald, unavuka Fernpass, mita 1,212, yenye vipande vya asilimia 8. Unashuka Nassereith, Imst, Landeck, kisha unafuata Inn kwenda juu. Kupanda kwa kweli ni kutoka Pfunds hadi Nauders, kama mita 400, barabara imechongwa kwenye mwamba na sehemu nyingine imefunikwa kuzuia mawe. Ukishavuka mpaka unapita kando ya Ziwa Reschen, ule mnara wa kanisa la Graun umesimama majini tangu kijiji kizamishwe 1950. Halafu unashuka bonde la Vinschgau hadi Meran na Bolzano.

SALMA: Mnara ni mzuri, kaka, lakini tuongelee mteremko.

BARAKA: Kutoka ziwani hadi Mals unashuka kama mita 450, na kuna vipande vikali kuliko vya Brenner. Karavani inapita vizuri. Ila hii ni barabara ya njia mbili, ina vijiji, mizunguko, na Septemba matrekta ya matufaha yamejaa. Fernpass nayo Jumamosi ni mbaya kama Brenner. Ninaipendekeza kwa sharti moja: karavani isizidi kilo 1,300 hivi, na gari liwe na nguvu ya akiba.

SALMA: Na gari lisilo na akiba?

BARAKA: Soma kitabu cha gari. Uzito wa kuvuta ulioandikwa kwa kawaida ni kwa mwinuko hadi asilimia 12. Watengenezaji wengi pia wanataka upunguze asilimia 10 ya uzito wa jumla kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa nyembamba inapunguza nguvu. Turbo inafidia sehemu ya upungufu huo. Ukiwa kwenye ukomo wa kitabu, Reschen si yako, shika Brenner. Na vilele vya Timmelsjoch au Stelvio wala msifungue mjadala. Stelvio ina kona 48 za kujikunja upande wa Prato, na Timmelsjoch karavani haziruhusiwi.

SALMA: Wanaokwenda Kroatia watumie A10 ya Tauern, mahandaki mawili marefu, hakuna kilele cha kuogopa. Wa kutoka Stuttgart au Freiburg waangalie Gotthard, kule Uswisi. Handaki ni kilomita 16.9, magari yanapishana ndani yake, na stika ya Uswisi ni faranga 40 kwa gari na 40 nyingine kwa karavani. Hiyo ya pili wengi hawaijui mpaka wapigwe faini.

BARAKA: Turudi Brenner, kuna upepo. Daraja la Europa liko mita 190 juu ya bonde. Unatoka kwenye kinga ya mlima, upepo wa ubavuni unapiga karavani, lori linakupita wakati huohuo, na karavani inaanza kuyumba. Ikiyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, kanyaga breki kwa nguvu mapema. Usifukuzane nayo kwa usukani, na usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha, hasa mkiwa mnashuka.

SALMA: Kinga yake ni upakiaji. Vizito viwe sakafuni juu ya ekseli, si mkia wa karavani. Baiskeli mbili nyuma kabisa ni kosa la kila kiangazi. Uzito unaolalia ile nundu ya chuma nyuma ya gari uwe karibu na kikomo kilichoandikwa, mara nyingi kilo 75 hadi 100, upime kwa mzani kabla ya kuondoka. Na kama una kituliza tela cha pedi za msuguano, kile kifaa cha kuzuia karavani isiyumbe, nundu iwe kavu. Grisi au rangi ikibaki juu yake, pedi zinateleza na kituliza hakifanyi kazi.

BARAKA: Ukisimama Sterzing, sogeza kiganja karibu na rimu za karavani bila kuzigusa. Joto likiwa kali au kuna harufu ya kuungua, subiri nusu saa. Na usivute breki ya mkono ya karavani dramu zikiwa za moto, viatu vinaweza kugandia au dramu ikapinda zikipoa. Weka kabari kwenye magurudumu.

SALMA: Kufika Garda, chagua pa kutokea A22. Kambi za kusini, Bardolino, Lazise, Peschiera, tokea Affi. Ukitokea Rovereto Sud kwenda Torbole, unavuka kilima kidogo cha San Giovanni, mita 287, halafu unashuka kwa ukali hadi ziwa lililo mita 65, mwisho wa safari, breki na dereva wote wamechoka. Barabara ya ukingo wa magharibi ina mahandaki ya zamani, membamba. Kukutana na basi humo ukiwa na karavani ni mateso kwa wote wawili.

BARAKA: Na mwendo: Italia ni 80 kwenye otobani na 70 nje yake. Austria, gari na tela vikizidi tani 3.5 kwa pamoja, ni 80 kwenye otobani.

SALMA: Kuna la kurudi ambalo watu hawalipangi. Brenner ya kwenda siyo Brenner ya kurudi. Ukienda kusini, mteremko mkali unaishia Sterzing, baada ya hapo bonde linashuka taratibu hadi Bolzano. Ukirudi kaskazini unashuka karibu mita 800 kutoka kileleni hadi Innsbruck.

BARAKA: Zile lita 40 zinakuwa karibu 75.

SALMA: Na karavani sasa ina divai na mafuta ya zeituni. Ipimeni tena kabla ya kurudi, na breki zikaguliwe kabla ya likizo, siyo baada. Ukifika Brenner ukirudi, ingia kituo cha kileleni, pumzisha gari dakika ishirini, kisha ondoka ukiwa tayari kwenye gia ya tatu.